Kigoda nilichokata miguu ili nifanye mtihani wa darasa la nane

Wakuu, nawasalimu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na kama kuna mtu wa Kaloleni ya Nairobi humu anayenijua, aje anisute nikiongeza chumvi.

Tangu asubuhi sijatulia. Mjukuu wangu ameleta karatasi ya shule, mambo ya mtaala mpya, eti tumsaidie na project, atengeneze kiti. Katiba mpya, haki ya mtoto, elimu ya vitendo. Nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika.

Maana sisi tulishapitia haya.

Mwaka wa 84 nilikuwa darasa la saba. Siku zile ukimaliza la saba unafanya mtihani, unaenda Form One. Sweta ya sekondari nilikuwa nayo tayari, nimerithi kwa binamu.

Tukaambiwa hakuna mtihani. Mfumo mpya wa 8-4-4 unaingia, rudini mwakani darasa la nane.

Wee! Nilizunguka mtaani kama kuku anayetaka kutaga.

Masomo nayo yakaongezwa, na useremala ukiwemo. Akapewa kuufundisha mwalimu wetu wa historia. Maskini, hata msumeno hakujua kuushika, alikuwa na kitabu tu. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kila mtu alete kiti alichotengeneza mwenyewe, na asiyepata alama hatasajiliwa kwa mtihani.

Hapo nikaona nimepona. Baba yangu alikuwa mchongaji, Mkamba wa Machakos, kibanda chake karibu na Gikomba. Nikamwomba anisaidie. Akanipa gogo la jakaranda na tezo ya kuchongea, akasema ataelekeza kwa mdomo, mkono ni wangu.

Wiki tatu, wakuu. Malengelenge mpaka kalamu haishikiki. Nikatoa kigoda cha miguu mitatu, chote kipande kimoja cha mti. Baba alikipapasa juu na chini, akakipaka rangi ya viatu kikang'aa. Kwa baba yangu, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mwalimu alikigeuza, akafungua kitabu, akakigeuza tena. Akauliza viungo viko wapi, na misumari iko wapi. Kitabu kinasema mwanafunzi aunganishe mbao. Akaniandikia sifuri na kunipa siku tatu.

Nilidhani baba ataenda kumfokea. Hakwenda. Alinisukumia msumeno.

"Kata miguu."

"Baba, lakini ni kizima."

"Kitu kizima hakiunganishwi, Mwikali. Kata. Mtihani ni wako."

Nilikata huku nalia, sioni aibu kusema. Halafu nikairudisha ile miguu kwa misumari, mguu mmoja ukaenda upande.

Mwalimu alipokiona alifurahi kweli. Nane kwa kumi. Nikasajiliwa, nikafanya mtihani, nikaingia sekondari na ile sweta imeshanibana.

Nilichojifunza? Kutaka tufundishwe kazi za mikono halikuwa kosa, hata leo si kosa. Lakini maseremala na wachongaji walikuwa wanagonga kutwa, tunawasikia tukiwa darasani, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyevuka barabara kwenda kuwauliza. Baba yangu angekuja kufundisha bure. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kigoda baba alikichukua, akawa anakikalia kibandani miaka yote. Wateja walikuwa wanamtania, mchongaji gani huyu anakalia kitu kinachoyumba. Anawajibu kwamba hicho ni cheti cha binti yake, na kila mguu una alama yake.

Alipofariki, ndugu zangu waligawana tezo. Mimi nilichukua kigoda, na ndicho nimekalia nikiandika haya.

Sasa darasa la nane la kwanza, mko wapi? Ninyi mlipeleka nini? Na nisaidieni hapa, mjukuu anasubiri: nimwazimie tezo kwa mmoja wa ndugu zangu, au nimnunulie misumari?