Nilimufundisha Wifi Yangu Kuondoa Theluji, na Minye Sijaiona Hata Siku Moja

Wasomaji, kosa ni langu. Naanza na hapo ili muntu asinitafutie sababu. Shetani hakunituma, mulozi hakuniloga. Ni ulimi wangu mwenyewe!

Jina sitaji. Hapa Kalundu, ku bandari ya Uvira, wananicheka tayari vya kutosha.

Minye nauzaka barafu ku bandari. Wamama wa samaki wanakuja na ndoo zao, navunja barafu na nyundo, wanajaza, wanaenda. Miaka kumi na mbili sasa. Niko na frigo mbili kubwa, na kiburi kilichozipita ukubwa.

Ndugu yangu mudogo alihamia Kanada na muke wake Furaha. Mama yetu aliwafuata. Ndugu yangu akienda kazi, Furaha anabaki na mama, na nyumba, na theluji.

Siku moja, saa nane ya muchana kwetu, kwao ingali asubuhi, Furaha ananipigia. Iko analia, ananiita yaya, maana minye ndiye mukubwa wa bwana yake.

"Yaya! Theluji imejaa juu ya paa ya baraza. Mbao ziko zinalia kwii, kwii. Itatuangukia! Bwana yangu hashiki telefone. Nipande niitoe?"

Muntu wa akili angemuambia aulize jirani. Lakini minye niko na nyundo mukononi, wamama watatu wananiangalia, nimefungulia sauti wote wanasikia. Niseme sijui? Mambo ya barafu? Minye?

"Usipande!" nikasema sawa direktere wa shule. "Funga mufagio ku muti murefu. Simama chini, mbali, uvute kidogo kidogo, sawa vile tunavutaka maembe."

Akafanya. Ikaanguka yote, puu! Paa ikapona. Ndugu yangu aliporudi akasema kumbe wenyeji wa kule nao wanatumia muti murefu vile vile.

Ee Mungu wangu, nilivyovimba! Sawa andazi ndani ya mafuta. Wamama wawili wa Uvira wanaokaa muji ule ule na Furaha nao wakaanza kunitumia maswali. "Muulizeni yaya wa Furaha, yeye anajua." Nikawajibu wote. Ngazi iwekwe hivi, koleo lishikwe vile. Na minye theluji sijaiona hata kwa mbali! Nilionaka mvua ya mawe mara moja kule milimani, nikiwa mutoto. Hiyo ndiyo ilikuwa diplome yangu.

Halafu ikafika ile asubuhi.

Furaha alinitumia sauti. "Yaya, ile njia ya gari, kutoka mulango mpaka barabara, nimeisafisha na koleo mpaka mugongo unauma. Lakini chini imebaki kitu kigumu, kimeshika sawa jiwe. Mama iko na rendevu, anangojewa leo kwa munganga wa macho. Nifanye namna gani?"

Nikacheka! Nikamujibu na sauti: "Weye nawe! Chemsha maji, sufuria mbili kubwa, umwange. Barafu ikishika ndani ya frigo yangu nafanyaka vile, inaachia palepale. Usiniulize tena vitu vya watoto."

Na kweli iliachia. Mvuke ukapanda, Furaha akafurahi, akaingia kumuvalisha mama makoti yake. Walipotoka, yale maji yote yalikuwa yamegeuka kioo.

Mama aliweka mguu mumoja tu.

Mguu ulivunjika pabaya. Wakamupasua, wakamutia chuma. Na mama alikuwa na tikiti ya ndege! Alikuwa anakuja kwa arusi ya binti yangu Neema, mujukuu wake wa kwanza. Munganga akasema safari hakuna.

Munafikiri nililia? Nililia, ndiyo. Lakini kabla ya kulia, nilichukua telefone nikafuta ile sauti yangu, ifutike mpaka ku telefone ya Furaha.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, wasomaji. Ile ya maji ilikuwa ujinga tu.

Siku ya yenga, Jumapili, tulipotoka misa, jamaa yote ikakutana kwa baba mukubwa, yaya wa marehemu baba yetu. Telefone wakaiweka ndani ya kikombe juu ya meza ili sauti ikuwe kubwa. Furaha alikuwa kule ngambo, sisi huku watu kumi na tano.

"Muntu anamwanga maji mulangoni, akijua yanaganda?" baba mukubwa akauliza. "Furaha, uko na shida gani na mama mukwe wako?"

Nikangoja jina langu.

"Nilikosa, baba," Furaha akasema. "Munisamehe."

Hakunitaja! Na minye, badala ya kusimama, nikakohoa kidogo, nikasema: "Kweli, barafu inataka uangalifu. Minye naijua."

Minye naijua! Nikikumbuka ile neno natamani kujificha ndani ya frigo yangu.

Ndugu yangu akaacha kusema na muke wake. Habari ikashuka mpaka Makobola, kwa mama muzazi wa Furaha. Ku kisima watu wakaanza kumuuliza kama binti yake anataka kuua mama mukwe. Mama yule akaacha hata kuteka maji akiona watu wengi.

Ikabaki majuma mawili kwa arusi. Nikamupigia mama kumuonesha kitenge. Akakisifu. Halafu akasema polepole:

"Mutoto wangu, ile asubuhi Furaha alifungulia sauti yako jikoni. Minye nilikuwa pale mezani, nakunywa chai. 'Usiniulize tena vitu vya watoto.' Si ni weye ulisema vile?"

Kitenge kikaanguka chini.

"Mama... kwa nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye useme."

"Na Furaha?"

"Nilimuambia aseme. Akakataa. Akasema, yaya iko na arusi ya mutoto, nisimuharibie furaha." Mama akasogeza uso karibu na telefone. "Sasa utasema mbele ya watu wale wale. Usiponiambia siku gani, nitasema minye."

Yenga iliyofuata, Furaha tena ku telefone, nikasimama kwa baba mukubwa. Nikasema yote. Paa, mufagio, maji ya moto, sauti niliyofuta.

Baba mukubwa akaniangalia sana. "Ngoja kwanza. Weye, theluji uliiona wapi?"

"Sijaiona, baba."

Wakacheka! Walicheka mpaka shangazi mumoja akatoka inje. Baba mukubwa akavua miwani, akapanguza machozi. Halafu akaacha kucheka, ghafla. Akavuta telefone karibu na kinywa chake, muzee wa miaka themanini, akasema: "Furaha, binti yangu, tulikuhukumu bure. Minye ndiye nilianza. Nakuomba musamaha."

Muzee mwenye mvi kuomba musamaha kwa sababu yangu! Afazali angenichapa.

"Aksanti, baba," Furaha akajibu. Minye hakuniambia kitu. Mpaka leo ananijibu tu "ndiyo" na "hapana", na iko na haki yake.

Arusi ilifanyika. Mama aliitazama ndani ya telefone, na padri alipoinua mukono kubariki, rezo ikakatika, picha ikapotea.

Arusi ilipoisha nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka Makobola kwa mama wa Furaha. Alinipokea vizuri, akanipa ugali na samaki, akaningoja nimalize kula na kuomba musamaha. Halafu akaniuliza, uso mukavu, hata hakutabasamu: "Na huku kwetu mvua ya mawe ikianguka ku mabati, utatushauri nini?"

"Mama, sijui."

"Kumbe unaweza kulisema ile neno!"

Nyinyi munaoshauri watu ku telefone, munisikie. Muntu akikuuliza kitu haujakiona, usitafute sauti ya direktere. Sema sijui. Na kama umeisha kuharibu, kimbia useme kabla mwengine hajabeba muzigo wako. Minye ile neno sijui nililisema mara ya kwanza niko na miaka arobaini na saba, na mama wa watu iko ananicheka na haki.