Meseji Iliyokaa Pamoja na za Benki

Katika biashara ya mahindi hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kwa kubeba magunia pale Kibaigwa, na leo nina nyumba mbili Majengo ambazo wenye digrii huniomba vyumba. Siri yangu ni moja: simwamini mtu. Hata mzani wangu mwenyewe nimewahi kuushuku.

Jumamosi moja dalali wangu, mama wa Kigogo niliyefanya naye kazi miaka kumi, aliniletea mnunuzi mgeni aliyetaka gunia mia moja na arobaini. Akaniambia wazi kwamba hamjui. Nikamkagua. Kitambulisho nilikipiga picha, namba ya lori nikaiandika kiganjani. Nilimuuliza jina la mama yake, na baadaye nikamuuliza tena kwa kushtukiza. Akajibu lilelile. Tukakubaliana elfu sabini na mbili kwa gunia, alipe benki kwanza, ndipo lori litoke.

Saa saba mchana simu yangu ikalia. Meseji ya benki: milioni kumi na elfu themanini zimeingia. Ilikuwa na jina la benki, tena ilikaa chini ya meseji zao za miaka yote kama ndugu wa tumbo moja. Ningeishukuje?

Yule mama aliisoma, akanirudishia simu.

"Tajiri, twende kwa wakala ukaangalie salio."

"Si hili hapa?"

"Hayo maneno. Salio liko benki."

Kwa wakala kulikuwa na foleni, na lori lilikuwa linaunguruma. Hapo ndipo machale yakanicheza. Kwa nini anataka nichelewe? Bila shaka amepata mnunuzi mwingine aliyemwahidi udalali mnono, sasa anataka huyu achoke aondoke.

"Sema ukweli," nikamwambia mbele ya wapakiaji. "Una mtu wako Gairo?"

"Nina mume tu, naye kumchunga kumenishinda. Wewe nitakuweza?"

Wapakiaji wakacheka. Mimi sikucheka. Niliamuru lori liondoke, na ushuru wa soko, elfu moja kwa kila gunia, nikamlipia mnunuzi aliyesema hana fedha mkononi. Nilifanya haraka makusudi, ili mama aone ameshindwa.

Jumatatu karani wa benki akaniambia hakuna kilichoingia. Nikamshuku, nikaenda kwa meneja. Jibu likawa lilelile. Namba ya lori, polisi walipoifuatilia, ilikuwa ya gari dogo lililokwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Mpangaji wangu mmoja ni fundi wa mitambo ya simu. Alinipa shikamoo, akaitazama ile meseji. Akasema kila mtandao una lango ambalo mitandao mingine hupitia ikileta meseji, au ikiuliza mteja fulani yuko wapi. Lango lililolindwa vizuri halimjibu kila anayeuliza, wala halisomi jina peke yake. Linaangalia meseji imetoka njia gani, na kama njia hiyo ina ruhusa ya kutumia jina hilo. Meseji ikijiita ya benki ya hapa huku imeingia kupitia mtandao wa nje, inazuiwa. Penye upenyo, inapita.

"Ikishapita, mzee, simu yako inaona jina inalolijua, inaipanga na wenzake. Haiwezi kujua zaidi."

"Na wewe umeyajuaje yote haya?"

"Ndiyo kazi inayolipa kodi yako."

Nilimtazama kwa muda. Mpaka leo namtazama.

Nikarudi Kibaigwa. Yule mama alikuwa ameketi juu ya magunia, anamenya karanga. Nilijua yeye akinikataa, wakulima wa Chamwino hawataniletea hata debe moja, maana wote hupitia kwake. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Kaka, bado mimi ni mwizi?"

Nikasema hapana. Nikasema nilikosea, mbele ya wapakiaji walewale.

"Basi nipe udalali wangu wa siku ile. Mia tano kwa gunia."

"Biashara yenyewe haikuwapo, mama."

"Mteja nilikuletea, nikakwambia simjui. Kwa wakala nilikwambia twende. Kazi yangu ipi sikuifanya?"

Nikahesabu elfu sabini. Nikampa, akazifunga kwenye pembe ya khanga, akaniuliza wiki hii nataka gunia ngapi. Mahindi, ushuru na udalali wake, hasara yangu jumla shilingi milioni kumi, laki mbili na tisini elfu.