Springi ya Cherehani kwenye Bunduki ya Jirani

Mwezi uliopita nilirudi Lambwe kumzika shangazi, na pale matangani nikakalishwa karibu na shemeji mmoja mwenye bunduki. Ana leseni, ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na hana habari nyingine ya kuzungumza duniani. Alifungua simu akanionyesha triga aliyoagiza kutoka ng'ambo, kile chuma cha kuvutwa kwa kidole, yenye rangi ya dhahabu kama kikuku cha bibi harusi. Alisema ataifunga mwenyewe nyumbani kwa sababu ametazama video mbili. "Laini kama siagi, shem," akaniambia. Nilimwomba asinisogezee tena hiyo simu. Akacheka, akadhani naogopa. Wewe unanijua. Siogopi bunduki, nawadharau tu wanaoichokora, na dharau hiyo nimekuwa nayo tangu darasa la sita.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, niliyemwita Dana. Asubuhi zetu zilianza kwa kelele. Nyani walitoka upande wa mbuga alfajiri na kuingia mahindini, nasi tukawafukuza kwa kugonga madebe na sufuria zilizotoboka, tukipiga mayowe mpaka koo likakauka. Baadaye Dana aliinjika chungu cha nyoyo, mahindi na maharagwe pamoja, na harufu yake ilinifuata njia nzima kwenda shuleni. Saa nne alikuwa tayari langoni mwa shule, kikapu mbele yake, akitupimia kwa kikombe cha bati. Kikapu hicho Jumatano kilibeba omena, na siku nyingine nyoyo, kwa hiyo nyoyo ya Alhamisi ilinukia samaki kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Jirani yetu hakuwahi kugonga debe. Yeye alikuwa na bunduki, ile ya kuvuta bolti, komeo lake la chuma, kwa mkono kila risasi. Aliipata kwa mzungu mmoja wa mashamba ya Bonde la Ufa aliyemwachia alipohama nchi, na karatasi zake zilikuwa sawa. Kwa maelezo yake, huko alikuwa mwindaji. Mkewe aliropoka siku moja kisimani kwamba alikuwa mpishi, tena wa chapati. Lakini kijijini alitembea na bunduki begani akielekea kunyolewa, akielekea kanisani, akielekea kuomba chumvi. Nyani walimzoea. Niliwaona mwenyewe wakimenya mahindi wakimtazama.

Kisha triga ikaharibika. Ukiivuta inakwama, ukiiacha hairudi. Mtu mwenye akili angeipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, na wakati huo hilo lilimaanisha safari ndefu ya mjini na barua ya polisi. Jirani akasema hawezi kumkabidhi kijana wa juzi bunduki aliyoizoea kuliko mkewe. Dana alipopanga kwenda Rongo kununua maharagwe, akajiunga nasi, kipande cha chuma kikiwa kimefungwa ndani ya leso yake ya mfukoni kama jino lililong'olewa.

Tulishuka kwanza Awendo, kwa sababu alisikia huko kuna mafundi wengi wa matrekta ya miwa. Nakumbuka harufu ya molasi, tamu mpaka inachefua, na fundi mmoja wa kuchomelea aliyeinua miwani yake, akakitazama kile chuma, akakirudisha haraka.

"Mzee, mimi natengeneza trela. Hii kitu ya kuua watu peleka kwa mwenye kazi yake."

"Chuma ni chuma," jirani akasema.

"Basi pelekea dentisti."

Dana alicheka mpaka akashika nguzo. Jirani akatoka pale akisema vijana wa siku hizi hawajui kazi. Rongo, alimwendea fundi wa vyerehani sokoni na kununua springi, akidai ni ya cherehani ya mkewe. Mkewe hakuwa na cherehani. Hakuwahi kuwa nayo mpaka anakufa.

Siku mbili zilizofuata alikaa chini ya upenu wa nyumba yake na tupa, akisugua, akijaribu, akisugua tena. Sikuelewa alichokuwa anafanya, na sasa najua kwamba hata yeye hakuelewa. Dana alisimama kwenye ua akamwambia kwa adabu, "Jaduong', mzee wetu, hicho kitu kikikosea hakitakosea kwako peke yako." Akajibu kwamba wanawake wa omena wanajua omena.

Tulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, mwembamba, mwenye sauti ya filimbi. Alitufundisha Kiswahili asubuhi na netiboli jioni. Kabla yake wasichana wa shule yetu walikuwa wakifagia uwanja ili wavulana wacheze. Yeye alitupatia mpira, akachimbia milingoti ya magoli kwa mikono yake, na akakimbia nasi pekupeku. Tulikuwa tumebakiza wiki moja kwenda Homa Bay kushindana. Mimi nilikuwa mfungaji. Sijawahi tena kuwa kitu chochote kwa fahari ile.

Jioni moja ya wiki hiyo jirani aliingia uwanjani na bunduki yake. Kisingizio kilikuwa nyani nyuma ya vyoo. Ukweli ni kwamba wazazi kadhaa walikuwa wamekuja kututazama, na yeye hakuweza kuona watu wamekusanyika bila kuwapa cha kutazama. Akaanza kuwaeleza jinsi alivyoitengeneza. Mwalimu akasimamisha mchezo, akamwendea.

"Mzee, hapa kuna watoto. Tafadhali toka na hiyo kitu."

"Mwalimu, usiogope. Sasa inanitii kama mbwa. Tazama."

Akasukuma bolti mbele kwa nguvu, kwa madaha, kama mtu anayefunga mlango wa gari jipya. Bunduki ikalia. Hakuna kidole kilichokuwa karibu na triga. Mwalimu alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha tukaona damu ikitoka juu ya goti.

Unajua jirani alisema nini? "Sikugusa! Mmeona wote, sikugusa!" Alikuwa amesimama katikati ya watoto wanaolia, akionyesha kiganja chake kitupu kwa kila mtu. Hata leo nikimkumbuka, nakumbuka kiganja hicho kabla ya uso wake. Hakuinama kumsaidia. Dana ndiye aliyekuja mbio kutoka langoni, alikokuwa akiwauzia wazazi nyoyo, akavua leso ya kiunoni na kuufunga mguu, akampa amri baba mmoja alete pikapu. Mwalimu akapelekwa hospitali Homa Bay akiwa amelazwa juu ya magunia, macho wazi, akituambia tusilie.

Pikapu ilipoondoka, Dana alimgeukia jirani.

"Toa risasi zako."

"Mama, huwezi..."

"Toa."

Akazitoa. Dana akamwaga nyoyo iliyobaki kwenye nyasi, akailaza bunduki ndani ya kikapu, mtutu ukitokeza nje, akakitwika kichwani. Akatembea barabarani mwendo wa saa nzima hadi kituo cha polisi, nami nyuma yake. Watu waliacha majembe wakatutazama. Hakumsalimia mtu.

Askari aliuliza, "Mama, umeleta nini?"

"Uchafu wa jirani yangu. Pokea."

Bunduki haikurudi. Leseni ilifutwa, jirani akalala korokoroni siku chache, na alipotoka akaanza kusimulia kwamba ameikabidhi serikali kwa hiari yake. Kwa mwalimu hakwenda kuomba msamaha. Alimtumia salamu tu, kwamba siku nyingine asisogelee mtu anayefanya kazi. Alipokufa, miaka mingi baadaye, padri alimwita mlinzi wa bonde la Lambwe, na watu wakaitikia amina. Dana alikuwa bado hai. Alinyanyuka akaenda kuketi jikoni na waosha vyombo.

Mwalimu alirudi kwa mkongojo, akafundisha muhula mmoja akiwa ameketi, kisha akahamishiwa kwao. Homa Bay hatukwenda. Milingoti ilisimama mpaka mchwa wakaimaliza, na wasichana wakarudi kufagia.

Nilipomaliza mazishi ya shangazi nilipita pale shuleni. Uwanja sasa una madarasa mapya ya matofali. Mbuga imezungushiwa ua wa umeme, na nyani ni wachache. Watoto wa leo hawajui kugonga debe alfajiri. Hayo yote ni mema. Kaburi la Dana liko nyuma ya nyumba, limepakwa chokaa, na kikapu sijui kilikwenda wapi. Lakini niliposimama pale uwanjani nilijikuta napima kwa macho mahali palipokuwa na mlingoti wangu, nikanyanyua mikono miwili, mwanamke mzima na viatu vya matanga, na hakukuwa na mtu wa kunirushia mpira.