Uso wa Kijani wa Dada

Shemeji yangu ni mchora vibao vya saluni. Vile vichwa vya wanawake unavyoviona milangoni, nywele zimelala, meno meupe pe, wote kama wametoka tumbo moja, ndiyo kazi yake. Kwa kazi hiyo alimtunza dada yangu mpaka dada alipofariki.

Picha zote za dada zilikuwa kwenye simu, na simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji wakati wa msiba. Mafundi waliihangaikia wakanyoosha mikono. Akabaki binti yao, ambaye alimjua mama yake akiwa mgonjwa kitandani tu. Alipoanza shule, swali likawa moja: mama alikuwaje kabla hajaugua? Baba mtu akaahidi kumchorea.

Masikini, alihangaika. Kila akianza, mkono unamletea mwanamke wa saluni. Anafuta, anaanza upya, anatoka yule yule. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia, "Shemeji, kwani ulimuoa dada au kibao?" Hakucheka.

Siku moja nikamkuta anachora kwenye ubao bila hata kutangulia na penseli. Uso wa kijani, umevutika upande. Shingo ndefu kupita kiasi. Macho hayalingani, mdomo uko wazi, vidole vinene vimeng'ang'ania shuka jekundu. Rangi ameirundika kama anayepiga lipu ukutani. Hasira zikanipanda.

"Dada yangu alikuwa mzuri! Huyu kijani ni nani?"

"Najua, shemeji. Lakini huyu ndiye pekee aliyekubali kuja."

Nilitaka kuupaka chokaa ule ubao. Nikautazama tena. Hakufanana na dada hata chembe, na alikuwa yeye kabisa, vile alivyoteseka mwishoni, tukimgeuza kwenye godoro naye anatuomba tumwache. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Binti akaingia na mkoba wa shule mgongoni. Akautazama ubao, wala hakuogopa.

"Huyu ni mama," akasema. "Huyu namjua. Mimi nilitaka yule wa zamani."

Baba yake akaweka brashi chini. Mtoto akanigeukia mimi.

"Mama mdogo, wewe umekua naye. Alikuwaje?"

Nikafumba macho nimtafute dada yangu, niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ya utoto, aliyenisuka, aliyenichapa, aliyenificha nisichapwe. Nikaona kijani. Nikajaribu sauti yake, nikasikia yale maombi ya kwenye godoro.

"Alikuwa mzuri," nikasema.

"Mzuri vipi?"

Nilitafuta hata kitu kimoja cha kumpa. Pua, kicheko, namna alivyotembea. Sikupata. Nikamtazama baba yake anisaidie, naye akainamisha kichwa.

Binti akaenda kuvua sare zake. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena.