Wateja wa Dirisha la Nyuma

Mama Tundu hakuwa mtu wa kukaa, na hicho ndicho kilichokuwa kituko, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kukaa. Aliziba matundu ya nguo. Si kwa viraka, maana kiraka kwake kilikuwa tusi. Alichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo yenyewe, au pindo likiisha alitafuta za rangi ile ile, akazifuma juu ya tundu, moja juu moja chini, mpaka mwenye nguo akiambiwa atafute palipokuwa na tundu, asipaone. Jina alilipata kwa sababu hakuwahi kumsalimu mteja kabla ya kumuuliza, "Tundu liko wapi?" Akishafuma dakika kumi husimama, hufagia pasipo na taka, huchungulia barabarani, hurudi, hukaa, husimama tena. Na tangu kaka yake atoe ile amri, alikuwa kama mtu aliyekalia siafu.

Amri yenyewe ilikuwa fupi. Chumba cha kazi kiliachwa na marehemu baba yao, na kwa kuwa kaka ndiye mkubwa, neno la mwisho lilikuwa lake. Muuza simu alikuwa anakitaka.

"Mdogo wangu, mimi sikufukuzi," kaka alisema, amesimama mlangoni. "Lakini wiki nzima nimekaa pale kwa kinyozi nikiuangalia mlango wako. Walioingia ni wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nikiona watu wanaingia, nafunga mdomo. Nisipowaona, chumba anapewa muuza simu."

"Baba alisema chema chajiuza, kaka."

"Baba alisema mengi. Siku hizi nani anavaa nguo iliyozibwa? Kwangu mimi nguo ikitoboka ni tambara la viatu."

Mama Tundu alimkata jicho. Chumba kile kilikuwa na dirisha la nyuma lililoingiza mwanga mweupe asubuhi nzima, mwanga usiodanganya. Chini yake ndipo baba alipomfundisha kutofautisha nyeusi ya bluu na nyeusi ya kahawia. Mfuma nguo asiye na mwanga kama ule ni mpishi asiye na ulimi. Akaamua kukipigania chumba kufa na kupona.

Jumamosi akamwita mpwa wake, binti wa dada yao, aliyeajiriwa kwenye ofisi ya matangazo. Binti alikuja na karatasi kubwa kama shuka na kalamu za rangi nne. Akaibandika ukutani, akaandika juu: MKAKATI. Mama Tundu alilisikia neno hilo kama jina la ugonjwa.

"Tunaanza na maswali, mama mdogo. Wateja wako ni nani?"

"Watu wenye matundu."

"Wanapita wapi?"

"Wanapita kila mahali. Nani hana tundu?"

Binti aliandika. Swali la tatu lilikuwa wanataka nini. La nne lilikuwa wanaogopa nini, na hapo binti akaangalia saa, akasema hilo watalijaza baadaye. Halikujazwa, na lau wangelijaza siku ile mimi nisingekuwa na hadithi.

Mkakati ukaanza na kibao. Mama Tundu alikipaka rangi nyekundu, akakiona kinapiga kelele, akakipaka kijani, akakiona kimelala, akakirudisha kwenye nyekundu kabla ya kijani kukauka. Zikafuata karatasi za kugawa njiani. Watu walizipokea kwa adabu, wakazisoma, wakazikunja na kuongeza mwendo. Mwisho akaazima kipaza sauti, akasimama kwenye kona penye watu wengi.

"Nguo yako imetoboka? Kwapani? Magotini? Huko nyuma unakokalia? Njoo tukuzibe!"

Kona nzima ikajikagua. Mwanamke mmoja alibana kwapa, mzee mmoja akashika makalio ya suruali yake kwa mikono miwili, na kila mtu akakumbuka ana safari. Hakuingia hata mmoja, na kule kwa kinyozi kaka alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Duka tupu linafukuza watu," binti akasema. "Tulijaze. Mtu akiona nguo zimening'inia, atajua kuna kazi." Wakaazima nguo kwa majirani, wakazitundika mpaka dari. Kaka akaingia kuangalia, akapapasa moja, akapapasa ya pili, ya tatu ikawa pazia la sebuleni kwake, ambalo mkewe alikuwa amelitoa kwa roho safi.

"Kumbe mnanichezea sinema," alisema, akaondoka na pazia lake begani.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Mama Tundu hakulala vizuri wala hakula vizuri, na aliongea peke yake njiani mpaka watoto wakamzoea. Binti akasema kinachotakiwa sasa ni ushahidi. Ushahidi anao? Anao. Mama Tundu akatoa daftari lake.

Daftari hilo lilikuwa desturi aliyorithi kwa baba. Kila nguo aliyoziba alibana ndani yake nyuzi tatu za nguo hiyo, ili ikirudi tena asihangaike kutafuta rangi. Pembeni aliandika ya nani, na imetobolewa na nini. Kurasa zilijaa miaka ishirini na mitatu ya moto wa sigara, misumari ya madawati, pasi na meno ya panya. Binti alipolifungua macho yalimtoka. Wakaliweka juu ya meza mlangoni, na karatasi: KARIBU UONE KAZI YETU.

Na watu wakaja, kwa kweli wakaja! Kufika saa nne mlango ulikuwa haupitiki. Mama Tundu alisimama nyuma ya meza moyo ukimdunda kwa furaha, na kaka kule ng'ambo alikuwa ameinuka kwenye benchi ili aone vizuri. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna aliyeshika nguo. Walikuwa wanasoma, mmoja kwa sauti.

"'Mwalimu mkuu, koti la kahawia, panya, kwapa la kushoto.' Jamani! Na hii: 'Mwenye duka la dawa, suruali, imepasuka akiinama.'"

Alilifunga daftari kwa kishindo, akawatoa wote nje, lakini maneno yalishatoka. Siku ya pili wanafunzi walikuwa wamempa mwalimu mkuu jina jipya, na si lazima nikutajie ni la mnyama gani. Mwalimu mwenyewe alikuja mchana, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama. Mama Tundu alitegemea matusi. Angalau matusi angeyajibu.

"Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya watoto na koti hili," mwalimu alisema taratibu. "Na limechanika tena. Nilikuwa nije kwako kesho. Sasa nitapitaje mlango huu?"

Mama Tundu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Aliomba radhi, akaomba tena, na hapo hapo akaapa: jina la mteja halitatoka mdomoni mwake tena, liwe la nani, aulize nani. Kisha macho yake yakaenda kwenye lile swali la nne ukutani, na jibu lake lilikuwa limesimama mbele yake na koti limekunjwa kwapani.

"Usipite mlangoni, mwalimu. Pita dirisha la nyuma."

Huo ndio uliokuwa mkakati, na haukuhitaji rangi nne. Mteja alipita uchochoroni, akaingiza mfuko dirishani. Mama Tundu alikata uzi wa rangi vipande viwili, kimoja akafunga kwenye mfuko, kingine akampa mwenyewe. Siku ya kuchukua, uzi ulikutana na mwenzake, mkono ukapokea, basi. Hakuna jina, hakuna daftari. Mwalimu mkuu alimnong'oneza mwenye duka la dawa, mwenye duka la dawa akamnong'oneza karani, na kabla wiki haijaisha mifuko ilikuwa inaingia mpaka Mama Tundu akakosa pa kuweka miguu. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa saa tatu bila kuinuka, kisha akaruka kitini kama aliyechomwa: siku zinakwisha, na mlango wa mbele, ambao ndio kaka anaouangalia, haujapitwa hata na paka.

Katika wiki hiyo mkono mmoja uliingiza koti la rangi ya majivu, limeungua kwenye mkono kwa pasi, alama ya ukubwa wa kidole gumba. Mkono ulikuwa na pete anayoijua.

"Wifi, ni mimi," sauti ya mke wa kaka ilisema. "Ndilo koti lake analolipenda kuliko mimi. Nimeliunguza. Akijua hakutalalika nyumbani. Na akijua limezibwa atalitupa. Wifi, nakuomba."

Aliliziba siku mbili. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, na hakuna aliyeiona.

Siku ya mwisho wa mwezi kaka alikuja amelivaa.

Akaegemea meza. Mkono wa koti ukawa chini ya pua ya dada yake, na yeye akajua kila uzi ulipopita.

"Mwezi umekwisha, mdogo wangu. Sijaona mtu."

"Kazi iko, kaka. Angalia mifuko."

"Nguo hata wiki ile zilikuwepo, na moja ilikuwa pazia langu." Hakusema kwa ubaya, alionekana amechoka. "Sikiliza, mimi si mnyama. Nitajie mteja mmoja tu. Mmoja. Nikamuulize, akisema ndiyo, chumba ni chako na muuza simu nitamjibu mimi."

Mmoja! Mama Tundu aliinuka, akakaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Angesema tu, "Vua hilo koti umuulize mkeo." Maneno yalipanda mpaka kwenye meno. Akamfikiria wifi yake na sauti ile ya dirishani, akamfikiria mwalimu mkuu aliyesimama na koti kwapani.

"Sina, kaka."

"Basi tusilaumiane," kaka akasema, na akatoa ufunguo wa zamani kwenye msumari wake.

Muuza simu aliingia kesho yake na taa za rangi tatu. Dirisha la nyuma akaliziba kwa kabati. Mama Tundu alihamishia mifuko nyumbani, na huko ndiko alikoona ukubwa wa balaa: wateja wake wasingeweza kumtafuta. Kumuulizia mziba matundu ni kukiri kwamba una tundu, na hilo ndilo walilokuwa wanalikimbia. Alimwona mwalimu mkuu, jua likiwaka, amevaa sweta, akipita mbele ya duka la simu mara tatu, akitupa macho uchochoroni. Mara ya nne aliingia, akatoka na kava la simu ambayo hana.

Kukaa na nguo za watu hakuweza. Akatafuta kitu ambacho kila nyumba hukifungulia mlango bila majirani kuuliza kulikoni, akapata mayai. Akatafuta kikapu kirefu: mifuko chini, trei juu. Alitembea mtaa hadi mtaa akiita mayai, na kila alipofunguliwa mlango aliinua trei, akaonyesha nyuzi za mifuko; mwenye uzi wa kufanana alipewa mfuko wake, na mara nyingi Mama Tundu akaondoka na mfuko mwingine. Miguu yake ilifurahi. Macho ndiyo yaliyolia, kwa sababu chumba chake kilikuwa na mwanga wa kahawia, na wiki ya pili aliweka uzi wa bluu kwenye suruali nyeusi, akafumua yote, akalia huku anafumua.

Asubuhi moja sauti ya kiume ilimwita mgongoni: "We mayai! Njoo hapa!" Aligeuka. Kaka alikuwa mlangoni, koti limeshavaliwa, tayari kwa kazi, na alipomtambua aliyemwita hivyo uso ulimshuka.

"Kumbe ni wewe," alisema. Aliiangalia trei, akaangalia viatu vya dada yake vilivyojaa vumbi. "Mtoto wa baba anatembeza mayai. Ungenitajia mtu mmoja tu siku ile. Nilitaka unitajie, basi. Mmoja."

"Sikuwa naye, kaka."

"Alikuwa naye," wifi akasema.

Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, anajifuta mikono kwenye kanga. Kaka akageuka. "Nani?" akauliza. Wifi alimshika mkono wa koti, akamvuta mpaka kibarazani penye jua, akaanza kupapasa kitambaa kuanzia kwenye kiwiko. Alitazama, akageuza, akatazama tena. Akainamisha uso mpaka karibu na nguo. Kaka akawa anamwangalia kama mtu aliyepagawa.

"Niliunguza hapa," wifi akasema, akitaka kulia. "Nakwambia niliunguza hapa hapa. Wifi, ni wapi?"

Mama Tundu akaweka mayai chini, akanyoosha kidole.