Alama Nyeupe Kwenye Puli

Ndugu zangu, kwa injini isiyotumia maji hapa Lushoto sina mpinzani, na hata mkishasikia haya bado sina. Jumamosi Mchungaji wetu alitakiwa kuteremka Mombo kumpokea askofu, na kobe wake, yaani kale kagari kenye injini nyuma, kalikuwa kamekataa kuwaka tangu juzi.

"Ni taimingi, Baba Mchungaji. Cheche zinachelewa."

Watu wakajaa. Nikawaeleza kama mwalimu: kwenye puli, lile gurudumu la mkanda, kuna alama, unailinganisha na mstari wa katikati ya injini, kisha unazungusha distributa, ile inayogawa cheche, mpaka balbu ya kupimia iwake, basi. Nikazungusha puli, nikaona doa jeupe, zuri.

"Hii imewekwa kiwandani," nikatangaza. "Mjerumani habahatishi."

Nikafunga kwa kufuata doa lile. Mchungaji akawasha. Kobe akalipuka kwa mshindo kama wa bunduki, na mgambo waliokuwa wakipiga kwata uwanjani wakalala kifudifudi, kamanda wao akiwa wa kwanza.

"Petroli mbovu hiyo," nikasema bila kutetereka. "Alama haidanganyi."

Mama Mchungaji akainama nyuma ya gari, akalipangusa doa kwa jani la mgomba. Likatoka lote.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "kiwanda chenyewe kile pale."

Akanyoosha kidole kwa kuku wake mweupe, aliyekuwa amesimama kando akitungoja tuondoke arudi kulala kwenye injini.