Sauti ya Akimana ndani ya Vosantra

Ildephonse alikuwa mtu wa kunawa mikono kabla ya kugusa mashine. Kule Mulongwe, mtaa wa Uvira, ambako mto ukikasirika unaingia nyumbani bila hodi, alikuwa na chumba kimoja alichokiinua juu ya mawe. Kuta zake alizipigilia trei za mayai toka chini mpaka juu ili kelele za pikipiki zibaki nje. Mlangoni kwa ndani alitundika blanketi zito, na nje, juu ya mbao za mlango, aliandika mwenyewe kwa rangi ya kijani: STUDIO ILDE, HAPA NI VOSANTRA YA KWELI.

Alikuwa na sababu ya kuandika "ya kweli". Vosantra ilikuwa programu ya kurekodi muziki, mali ya kampuni ya Wazungu wa mbali, na wakati wa enzi yake hakuna studio toka Bukavu mpaka Bujumbura iliyothubutu kupokea watu bila hiyo. Korale, yaani kwaya, ikija, hata bei haijaulizwa, kiongozi anachungulia kwanza kwenye skrini aone lile dirisha la kijani. Asipoliona, wanabeba ngoma zao wanakwenda kwingine. Lakini studio karibu zote zilikuwa na nakala za wizi, zilizovuka mpaka ndani ya soksi. Ildephonse peke yake alinunua. Aliuza shamba la mpunga la marehemu baba yake, akanunua, na karatasi ya shukrani aliyotumiwa na kampuni akaitia ndani ya kioo karibu na picha ya ndoa. Mke wake, Agathe, hakuipenda karatasi ile hata siku moja.

"Iko inatuangalia," alisema. "Inangojea na sisi tuuzwe."

Pamoja na kunawa mikono, Ildephonse alikuwa na sheria ya pili: wimbo hautoki. Sheria hiyo hakuitunga yeye, ilikuwa ya studio zote za Uvira, maana wote walikuwa na adui mmoja, naye ni Gracien. Gracien alikuwa na meza sokoni, anajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu. Wimbo ukimfikia asubuhi, jioni unaimba kwenye kila pikipiki toka Kavimvira mpaka Kalundu, na korale iliyolima mashamba ya watu ili ilipe studio inabaki mikono mitupu. Kwa hiyo wimbo ulifungiwa ndani ya programu, hautolewi hata kwa waimbaji wenyewe, mpaka siku ya uzinduzi, padri aubariki mbele ya watu. Wenzake walikuwa wanalegeza, wanampa rafiki, wanampa mchumba. Ildephonse, hapana. Mara moja alimkuta Gracien anazungukazunguka karibu na dirisha lake, akamkimbiza na mwiko wa ugali mpaka darajani, watu wakicheka mpaka wakakaa chini.

"Vosantra ni sanduku lenye kufuli," alipenda kusema. "Sauti ikiingia humo, hakuna mwizi ataifungua. Inafunguliwa na Vosantra mwenyewe tu."

Alisema hivyo kwa kiburi. Baadaye maneno hayo yalimrudia mdomoni kama chakula kilichochacha.

Korale ya Katogota, kijiji cha bondeni, ilikuja msimu wa kupandikiza mpunga, miguu ingali na matope. Kiongozi wao aliitwa Jean-Berchmans, mwalimu wa katekisimu, mtu mwembamba mwenye kofia kubwa. Mwenye kuongoza wimbo alikuwa msichana anaitwa Akimana. Ildephonse alimvalisha visikio, yeye akatoa kimoja.

"Vaa vyote, dada. Njo utajisikia vizuri."

"Minye sitaki kujisikia," alisema Akimana. "Nataka kusikia wenzangu."

Akaimba hivyo, sikio moja kwenye mashine, sikio moja kwa watu. Kabla ya kupanda sehemu ya juu alinyamaza kidogo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua ndoo, halafu akapanda. Ildephonse alisahau mkono wake juu ya meza. Kwa kawaida baada ya kila wimbo alikuwa na neno la kukosoa. Siku hiyo alisema tu, "Imeingia." Jean-Berchmans akaomba wapewe nakala moja, wakawasikilizishe wazee waliobaki bondeni. Ildephonse akakataa. Mama yake Akimana, Ninahazwe, aliyekuja kumsindikiza mtoto, naye akaomba kwa adabu.

"Mama, siku ya uzinduzi utausikia mpaka uchoke," Ildephonse alimjibu. "Minye niko nawalindia."

Uzinduzi uliwekwa baada ya mavuno.

Wakati huo Vosantra yenyewe ilikuwa imeshaanza kuoza, ila uvundo ulikuwa haujafika Mulongwe. Walioianzisha waliiuza. Walioinunua hawakujua hata kupiga filimbi, walijua kuuza tu. Vijana wa mjini walianza kurekodi kwa programu za bure ndani ya simu, wakiwa wamekaa juu ya ndoo, na zilitosha. Kampuni ikaona watu wanaikimbia, badala ya kuwabembeleza ikaamua kuwakamua waliobaki. Asubuhi moja dirisha la kijani lilifunguka na ujumbe: toleo jipya, zawadi ya bure kwa mteja wetu mwaminifu. Ildephonse alinawa mikono, akaifuta kwa taulo, akabonyeza ndiyo. Toleo jipya likaingia, likazikusanya nyimbo zake zote, likazifunga upya kwa namna yake, na kuanzia hapo likawa linadai kodi kila mwezi. Yaani mtu amenunua nyumba, halafu anaamka anaambiwa ni mpangaji. Alilipa kwa kupitia shemeji yake wa Bujumbura, huku anatukana kwa sauti ya chini ili Agathe asisikie. Agathe alisikia.

Kisha vita ikashuka bondeni kabla ya mavuno. Watu wa Katogota walikimbia kufuata barabara, magodoro kichwani, mbuzi mkononi. Kwenye kizuizi wenye silaha waliwapokonya simu zote, na pamoja na simu zikaenda picha, zikaenda sauti, kila kitu cha jamaa kilichokuwa ndani. Mbele kidogo risasi ziliwakuta. Akimana alianguka, akazikwa palepale kando ya barabara, haraka, bila wimbo, kwa majembe ya kuazima. Mama yake alifika Uvira na kitenge kimoja, akapewa chumba kwa watu wa parokia, hukohuko Mulongwe.

Na Uvira nayo ikapigwa. Ildephonse alizika mashine yake, kompyuta ya kukunja, ndani ya gunia la unga wa muhogo, akavuka mpaka na Agathe kwenda upande wa Bujumbura. Waliporudi, wenye silaha waliokuwa wamelala ndani ya studio walikuwa wamechoma trei za mayai zote kupikia, wamejisaidia kwenye kona ya kipaza sauti, na blanketi la mlangoni wamekwenda nalo. Alisafisha siku nzima, kitambaa puani, anatapika na kurudi. Gunia lilikuwa palepale. Hawakuwa na njaa ya unga siku hiyo.

Ndipo Jean-Berchmans akaja, bila kofia.

Korale yao ilikuwa na desturi yake. Mwenye kuongoza wimbo akifa, wimbo wake hauimbwi na mwingine mpaka sauti yake mwenyewe isikike mara ya mwisho siku ya kumaliza kilio, mbele ya mama yake. Zamani walikuwa wanategemea kanda, halafu simu. Mama akishasikia, anamnyooshea kidole mmoja kati ya waimbaji, na wimbo unapata mwenye kuuongoza. Bila hivyo kilio hakifungwi.

"Sauti iko kwako, baba," alisema Jean-Berchmans. "Haiko pengine. Mama Ninahazwe anakaa chini tu. Anasema atasimama akimusikia mutoto wake. Jumamosi tunamaliza kilio."

"Iko hapa," Ildephonse alisema, akapiga mashine kofi la upendo, unga ukaruka.

Alipoiwasha kwa betri ya pikipiki, dirisha la kijani lilifunguka, wimbo ukaonekana, na chini yake maneno: unaweza kutazama, huwezi kusikiliza, tafadhali lipia. Alitafuta rezo, mtandao wa simu, mpaka kwenye kilima, akampigia shemeji. Shemeji akalipa, pesa ikarudishwa. Akalipa tena, ikarudi. Halafu ikaingia barua ya kampuni kwenye simu, ilikuwa inazunguka hewani tangu vita: Vosantra imefunga milango, tunawashukuru kwa safari nzuri tuliyosafiri pamoja. Wenye kampuni wamekwenda, taa wamezima, lakini kile kinywa cha kudai wamekiacha wazi, kinaendelea kudai peke yake.

Ildephonse alisoma ile "safari nzuri" mara kadhaa. Aliona kichefuchefu kilekile cha siku ya kusafisha studio. Tofauti, aliona, ni kwamba wale waliojisaidia kwenye kona hawakuandika barua ya kushukuru.

Alizunguka studio zote zenye nakala za wizi. Zilikuwa zinafunguka vizuri, zinaimba, hazikuwahi kudaiwa chochote. Lakini zilikuwa za zamani, na kifurushi chake cha toleo jipya hazikukitambua. Mwenye studio ya Kalundu alimcheka wazi.

"Weye njo ulinunua ya kweli, si vile? Sasa kula ukweli wako."

Ikabaki mahali pamoja tu, sokoni. Alimkuta Gracien mezani kwake, mwavuli umetobolewa na risasi, anauza kama kawaida.

"Mzee Ilde! Leo mwiko uko wapi?"

"Leka hayo, Gracien. Nakuja kuuliza kitu."

"Uliza."

"Ule wimbo wa Katogota. Wa yule msichana." Ildephonse aliangalia chini. "Uliwahi kuuiba?"

Gracien aliacha kucheka. Alifungua mashine yake, akatafuta, kwa kweli alitafuta, jasho linamtoka, wateja wanangoja.

"Niko na za Kalundu, za Kiliba, za Sange, zote," alisema mwishowe. "Hata za padri. Ya kwako moja haiko. Ulilinda, mzee. Ulilinda vizuri sana."

Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumamosi Ildephonse alifika kwenye kilio na mashine kwapani. Waimbaji waliobaki walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani, na Ninahazwe katikati, kitenge kilekile. Gracien naye alikuwa amesimama karibu na ukuta. Ildephonse alipiga magoti, akaeleza. Alieleza vibaya, anachanganya kampuni na kodi na kufuli, mpaka Ninahazwe akainua mkono.

"Baba, niambie kimoja. Iko ndani, ao haiko ndani?"

"Iko ndani, mama."

"Basi tuonyeshe."

Akafungua. Mistari ilijipanga kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine, imejaa vilima na mabonde.

"Yeye njo wapi?"

"Huu wa juu kabisa. Hapa palipolala kama maji, njo pale alinyamaza kuvuta pumzi. Halafu ona, anapanda."

Ninahazwe alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Jean-Berchmans akasema taratibu, "Tuimbe naye." Ildephonse akabonyeza, alama nyembamba ikaanza kutembea bila sauti, na korale ikaufuata wimbo kwa midomo yao na makofi. Walipofika mahali pa Akimana wote wakanyamaza. Alama ikaendelea peke yake. Ikapita pale palipolala. Ikaanza kupanda kilima cha kwanza.

Na hapo, katikati ya kilima, dirisha la kijani likaruka likamfunika Akimana. Lina picha ya mwanamke mwenye meno meupe, amevaa visikio, anacheka. Lina kitufe.

"Huyu ni nani?" Ninahazwe aliuliza.

"Ni wao, mama."

"Wanataka nini kwa mutoto wangu?"

"Pesa."

"Wape basi tusikie!"

"Hawako. Walishafunga. Hakuna muntu wa kupokea."

Ninahazwe aliangalia yale meno. Akapitisha mkono juu ya kioo kama anafukuza nzi, hayakuondoka. Akatema mate, si pembeni, palepale, juu ya kitufe.

"Funga," alisema. "Sijasikia. Hakuna nitakayemunyooshea kidole. Mukiimba wimbo huu, pahali pake mupaache hivi, mupaache mpaka minye nife."

Akasimama mwenyewe, bila kushikwa, akaingia ndani.

Ildephonse alifuta kioo kwa mkono wa shati. Alipogeuka alimwona Gracien anarudisha simu mfukoni, haraka, kama mtoto aliyekamatwa anaiba sukari. Alikuwa amerekodi yote. Wakaangaliana. Mwaka mwingine angetafuta mwiko.

"Umechukua?" Ildephonse aliuliza.

"Nimechukua, mzee."

"Yote?"

"Mpaka mwisho."

Ildephonse akamgeuzia mgongo ili apate kupita.

Jioni wimbo wa Katogota ulikuwa kwenye kila pikipiki, toka Kavimvira mpaka Kalundu. Korale inaimba, inapiga makofi, halafu ghafla hakuna kitu. Wasioujua wanadhani kadi imekufa, wanasimamisha pikipiki, wanaipigapiga simu kwenye goti, wanamtukana Gracien. Wanaoujua wanangoja. Ukingoja vizuri, mle ndani ya kimya, unasikia mama mmoja anauliza swali, na mwishoni, wazi kabisa, anatema mate.